Uzoefu wangu na mashine ya kuchujia maji: kipima chumvi hakinusi petroli

Nilikusudia kusubiri hasira ipoe ndipo niandike, lakini kila nikipita mbele ya duka lile damu hunichemka upya, kwa hiyo naandika nikiwa nayo.

Kisima chetu, hapa Dar es Salaam, kiko bondeni, chini kidogo ya sheli. Baada ya mvua za masika maji yalianza kunuka petroli, kwanza kwa mbali, pale tu tulipoosha vyombo kwa maji ya moto, halafu waziwazi hata kwenye ndoo ya kuogea. Ndipo nikanunua mashine yenye chujio la uzi, mkaa na utando wa kuondoa chumvi, kwa fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya ada za watoto. Muuzaji aliniapia kwamba inaondoa kila kitu.

Haki yake nimpe: wiki za mwanzo harufu ilikatika kabisa na chai ikarudi kuwa chai. Nilimsifia kwa majirani, wawili wakanunua, na sasa nikiwaona kwa mbali nabadili njia. Kwani asubuhi moja nilifunua birika, na mvuke ukanipiga usoni kwa harufu ileile ya sheli.

Nilirudi dukani na chupa ya maji yale. Kijana, ambaye siku ya kuniuzia aliniamkia shikamoo mara tatu, safari hii hakuinua hata kichwa. Alichomoa mfukoni kipima chumvi, kile kidude kama kalamu, akakitumbukiza kwenye glasi na kunionyesha namba 38. "Mama, haya ni safi kuliko ya dukani. Labda ukapime pua." Wateja waliokuwepo wakacheka, naye akacheka nao.

Kipima chumvi hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, basi. Chumvi na madini hupitisha. Benzini na wenzake wanaotoka kwenye petroli hawapitishi, kwa hiyo kidude kile hakiwezi kuwaona hata wakiwa wengi kiasi gani. Kumbe hata ule utando aliousifu sana hushika chumvi vizuri, ilhali molekuli ndogo kama za benzini hupenya kwa kiasi. Kazi yote ilikuwa imeachiwa mkaa, nao mkaa hujaa. Gramu moja ya mkaa wa aina hii ina vitundu ambavyo kuta zake, ukizitandaza, huzidi mita za mraba 500, lakini kuta hizo zikishakaliwa zote, kinachofuata hupita moja kwa moja. Kopo lililoko ndani ya mashine yangu halijai hata viganja viwili, na maji hulipita kwa sekunde chache tu. Hakuna aliyeniambia libadilishwe lini.

Nilikwenda maabara na maji kwenye chupa ya soda, wakayakataa, ila kwa adabu. Dada wa pale alinipa vichupa vidogo vya kioo, akanielekeza nijaze hadi maji yavimbe mdomoni, nifunge, kisha nikipindue kila kimoja nione kama kuna kiputo. Kikionekana, nirudie, kwa sababu vitu hivi hukimbilia kwenye hewa yoyote vinayoipata. Majibu yalionyesha benzini, ambayo inasababisha saratani, ikiwa juu ya mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa kuchemsha nilikuwa naitoa kwenye sufuria na kuwapelekea wanangu puani, katika jiko lenye dirisha moja.

Je, mashine ni mbovu? Nilikuwa nimeandika "ndiyo, msinunue", nikafuta. Kwa maji ya chumvi inafaa, nakiri. Fundi wangu ameitumia tabia hiyohiyo ya kukimbilia hewani: maji hunyunyizwa kama mvua ndani ya pipa refu lililo nje, feni ikisukuma hewa kutoka chini, kisha hupita kwenye mitungi miwili ya mkaa iliyofuatana, yenye koki katikati ya kuchukulia sampuli. Mtungi wa kwanza ukijaa, koki itasema kabla ya wa pili kuchoka. Maji hayo tunafulia na kudekia. Ya kunywa bado nanunua. Kwa hiyo mashine si mbovu, imeuzwa kwa kazi isiyo yake. La, narudisha kauli: kitu kinachouzwa kwa kiapo cha "kila kitu" ni kibovu.

Nilirudi mara ya mwisho. Nje nilimwomba kijana wa bodaboda matone mawili ya petroli, nikaingia, nikanunua chupa ya maji pale pale, nikamimina kwenye glasi na kumwomba muuzaji apime. Alipima. Nikadondosha petroli, rangi za upinde wa mvua zikatanda juu, nikamwomba apime tena. Namba haikusogea.

"Mwanangu, maji ni safi. Kunywa."

Alifuta kidude chake kwa shati, akakirudisha mfukoni, kisha akaniuliza kama risiti ninayo.