Skymax 127 kwa picha za mwezi: mwili wake nunua, stendi ichague mwenyewe

Kwa bei yake, darubini ya Skymax 127 ya Sky-Watcher inampa mpiga picha wa mwezi kitu ambacho lenzi ndefu za kamera za bei ya karibu na hiyo haziwezi kumpa: ukubwa wa picha na ukali wa picha kwa pamoja. Ina tabia zake ngumu, na mtu asipozijua atairudisha sandukuni baada ya wiki moja akidhani ameuziwa kifaa kibovu. Nyingi kati ya hizo zina dawa. Iliyo ngumu zaidi haiko kwenye darubini yenyewe, iko kwenye stendi inayouzwa nayo.

Ni darubini ya aina ya Maksutov-Cassegrain. Mbele kuna lenzi nene iliyobonyea, nyuma kuna kioo kikuu kinachorudisha nuru mbele, na katikati ya lenzi ya mbele kuna doa la alumini linaloirudisha nuru hiyo nyuma hadi kwenye kamera. Kwa mzunguko huo, urefu wa fokasi wa milimita 1500 umekunjwa ndani ya mwili usiofika sentimita 40, wenye uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Uwiano wake, yaani urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo, ni f/11.8. Jina linasema 127, lakini kioo kikuu hakikuachiwa nafasi ya kutosha kuipokea nuru yote inayopanuka baada ya lenzi ya mbele, kwa hiyo kipenyo kinachofanya kazi ni kama milimita 120. Unaweza kulipima hilo mwenyewe: weka fokasi kwenye nyota, kisha mulika tochi kupitia lenzi ya jicho na upime duara la nuru linalotokea mbele. Si siri tena, na kwa mwezi upungufu huo hauonekani kwa macho.

Ukubwa wa mwezi kwenye sensa unakokotolewa kirahisi: gawanya urefu wa fokasi kwa 110. Hapa unapata milimita 13.6. Sensa ya APS-C, ile ndogo kuliko sensa kamili, ya Nikon au Sony ina kimo cha milimita 15.6, kwa hiyo mwezi mzima unaingia na kubaki nafasi ndogo juu na chini. Canon ya APS-C ina 14.9, na mwezi ukiwa karibu kabisa na dunia hufika 14.6, hapo uweke katikati kwa uangalifu. Kwenye sensa kamili ya milimita 36 kwa 24 pembe za picha zitaingia giza, ila mwezi uko katikati na hauguswi.

Linganisha na lenzi ya kamera ya milimita 150-600. Kwenye milimita 600 mwezi una kipenyo cha milimita 5.5 tu, sawa na pikseli 1400 kwenye kamera ya APS-C ya megapikseli 24. Kamera ile ile nyuma ya Skymax inakupa karibu pikseli 3500. Nikon Coolpix P1000, ambayo wengi huinunua kwa ajili ya mwezi, inaandikwa milimita 3000, lakini lenzi yake halisi inaishia 539 kwa f/8, yaani tundu la milimita 67. Ikivutwa hadi mwisho, mwezi unazidi kimo cha sensa yake, ila maelezo hayaongezeki kwa kuwa tundu lenyewe ni dogo. Ni kamera nzuri ya safari. Kwa kreta ndogo haifiki hapa.

Mipaka ya kinadharia ya kipenyo cha milimita 120 ni kama sekunde moja ya tao (sehemu moja ya 3600 ya nyuzi moja), na juu ya mwezi hiyo ni kilomita 1.9 hivi. Kipimo kizuri ni Plato, kreta yenye upana wa kilomita 101 na sakafu laini ya kijivu. Ndani yake kuna vishimo vyenye upana wa kilomita mbili na kidogo. Usiku hewa ikitulia, darubini hii inavitoa vile vikubwa zaidi. Usiku mbaya, sakafu ya Plato inabaki tupu hata ufanye nini kwenye kompyuta. Clavius na mstari wake wa kreta zinazopungua ukubwa, na ukuta wa Rupes Recta ulionyooka kwa kilomita 110, hutoka karibu kila mara.

Kuunga kamera ni rahisi kuliko kwenye darubini nyingi za Newton, ambazo mara nyingi fokasi yake haifiki kwenye sensa. Hapa kioo kikuu chenyewe ndicho kinachosogea, na kina nafasi ya kutosha. Unahitaji ringi ya T2 ya kamera yako, inayokaa mahali pa lenzi, na adapta ya kuiunga nyuma ya darubini. Uangalifu unatakiwa sehemu moja: nyuzi za skrubu za T2 ni M42 kwa 0.75 (kipenyo cha milimita 42, hatua ya 0.75), ilhali ringi za lenzi za zamani za Pentax ni M42 kwa 1. Zinafanana machoni, na zitaanza kuingiana kwa mizunguko miwili kabla ya kukwama na kuharibu nyuzi. Ukiona inagoma, acha. Kwenye kamera zisizo na kioo (mirrorless), washa pia mpangilio wa kupiga picha bila lenzi, la sivyo kitufe cha kupigia picha hakitafanya kazi.

Kwa mwezi mpevu anza na ISO 200 na 1/200 ya sekunde. Nusu mwezi inahitaji nuru zaidi sana, 1/50 hivi, na ukanda wa kivuli kati ya usiku na mchana wa mwezi unahitaji zaidi ya hapo. Huko kwenye kivuli ndiko kwenye picha nzuri: mwezi mpevu umebapa, hauna vivuli, na kreta zake zinapotea. Piga kati ya siku ya tano na ya kumi tangu mwezi uandame. Tumia shata ya kielektroniki na kujipiga kwa sekunde 10. Sekunde mbili hazitoshi, mtikiso wa kidole bado haujaisha. Bila mota ya kufuata, anga husogea sekunde 15 za tao kila sekunde moja, ambazo hapa ni pikseli 28 hivi. Kwa 1/200 hilo halionekani. Kwa 1/15 utaona mfuto wa karibu pikseli mbili.

Fokasi ndiyo inayowachosha watu. Ukizungusha kitufe cha fokasi, kioo kinainama kidogo na mwezi unaruka pembeni kwenye skrini. Ni tabia ya muundo huu wote, si ubovu wa kipande chako. Malizia fokasi siku zote ukizungusha upande ule ambao kitufe ni kizito, yaani upande unaokisukuma kioo juu dhidi ya uzito wake. Ukimalizia upande mwepesi, kioo kitateleza polepole na picha ya kumi itakuwa na ukungu ingawa ya kwanza ilikuwa kali. Kuza picha mara 10 kwenye skrini, elekea ukingo wa kreta ulio karibu na kivuli, na usitumie ukingo wa nje wa mwezi.

Joto nalo lina sheria zake. Mwili umefungwa na lenzi ya mbele ni nene, kwa hiyo kifaa hupoa polepole. Nairobi, Arusha au Mbeya, ukikitoa ndani jioni ya baridi, subiri dakika 45 hadi saa nzima. Kabla ya hapo picha huchemka hata hewa ya nje ikiwa shwari. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja tatizo linageuka: darubini iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi ikitolewa nje, unyevu wote wa pwani unaganda juu ya lenzi papo hapo. Usifute. Iache ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto la nje, au usiiweke kabisa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Umande wa usiku wa manane unazuiwa kwa koti la mbele la sentimita 20, ambalo karatasi nene ya manila au kipande cha godoro la mazoezi kinatosha kutengeneza. Halafu chagua mahali pa kusimama. Paa la zege linatoa joto la mchana hadi usiku wa manane na linatetemeka kila mtu akipita. Nyasi au udongo ni bora, mbali na mabati ya jirani.

Sasa stendi. Skymax huuzwa na stendi za aina kadhaa, na kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta mbili kati ya hizo zina matatizo ambayo mnunuzi wa Uingereza hatayaona. Stendi za ikweta, kama EQ3-2, mhimili wake lazima ulale sambamba na mhimili wa dunia. Nairobi iko kwenye nyuzi 1.3 kusini, kwa hiyo mhimili unalala karibu bapa, uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa tripodi, na nyota ya kaskazini ya kuelekezea haionekani. Stendi nyingi za aina hiyo zimeundwa kwa latitudo za Ulaya na Marekani, na nyingine hazishuki hadi huku hata kidogo.

Kwa hiyo chaguo langu ni AZ-GTi, stendi ya mota inayogeuka juu-chini na kulia-kushoto. Inabeba kilo 5. Skymax pamoja na kamera ya kawaida inafika kilo 4 na kidogo. Inatumia betri nane za AA au umeme wa volti 12, na inaongozwa na simu kupitia Wi-Fi kwa programu ya SynScan. Weka latitudo ya kusini sawasawa, sawazisha tripodi kwa kipima usawa, kisha chagua kasi ya mwezi badala ya kasi ya nyota. Mwezi husogea kwenda mashariki karibu nusu sekunde ya tao kila sekunde. Kwa kasi ya nyota, video ya dakika mbili itakuwa imeusogeza zaidi ya sekunde 60 za tao.

Ila AZ-GTi nayo inashindwa mwezi ukiwa utosini. Kwetu mwezi hupita huko mara kwa mara, na hapo stendi inapaswa kuzunguka nusu duara kwa ghafla huku kamera iliyotokeza nyuma ikiigonga miguu. Nunua nguzo ya kuongeza urefu kati ya kichwa na tripodi, na upige mwezi ukiwa kati ya nyuzi 40 na 75. Hapo hewa imeshakuwa nyembamba vya kutosha, na hilo ni neema ambayo watu wa kaskazini hawaipati kila mwezi.

Anayetaka kufika mwisho wa uwezo wa darubini hii aache picha moja moja na achukue video kwa kamera ndogo ya sayari. ZWO ASI178MM inaendana nayo vizuri mno: pikseli zake ni mikroni 2.4, na kanuni ya kuzidisha pikseli kwa tano inakupa f/12, karibu sawa na f/11.8, kwa hiyo lenzi ya Barlow, ya kurefusha fokasi, haihitajiki. Sensa yake ni milimita 7.4 kwa 5, hivyo mwezi mzima unaunganishwa kutoka vipande kadhaa. Fremu moja ya biti 8 ni megabaiti 6.4, fremu 2000 ni karibu gigabaiti 13, na kompyuta yenye diski ya zamani ya kuzunguka itaangusha nusu ya fremu. Tumia SSD na USB 3. Rekodi kwa programu ya FireCapture au SharpCap katika faili la video la SER, nuru isizidi asilimia 70 ya kipimo, kisha programu ya AutoStakkert ichague na kuunganisha asilimia 10 hadi 20 ya fremu bora, na mawimbi (wavelets) ya programu ya RegiStax yainue ukali. Kosa la kawaida ni kuyavuta mawimbi mpaka ukingo wa kreta unapata mstari mweupe. Rudi nyuma kidogo.

Kwa mwezi mwandamo, sahau Skymax. Uwanja wake wa kuona ni mwembamba kuliko nyuzi moja, na kwa kifaa cha doa jekundu cha kutafutia ni vigumu kuilenga hilali anga likiwa bado na nuru. Lenzi ya milimita 400 au 600 itaipata hilali upesi zaidi. Chombo chochote utakachotumia, jua liwe limezama kabisa kabla hujakielekeza magharibi, kwa sababu likiingia hata kwa nukta moja linaunguza jicho na sensa.

Ukinunua iliyotumika, mulika tochi kwa mshazari kwenye lenzi ya mbele na utafute kuvu, nyuzi nyeupe zinazotambaa kama utando, hasa ikiwa imekaa pwani bila pakiti za kufyonza unyevu. Vumbi halidhuru kitu. Ikiwa na kuvu ndani, mwachie mwenyewe. Kisha zungusha kitufe cha fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho, mbele na nyuma: kiende kwa uzito mmoja, bila kukwama wala kukwaruza.