Milima ya Masasi au Tendaguru?

Ukiwa na siku moja tu, nenda Masasi. Barabara ya lami kutoka Mtwara inakufikisha mjini, na milima ya mawe imesimama papo hapo juu ya nyumba. Anzia Mtandi, penye kanisa kuu la Kianglikana: mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta hapa watu waliokombolewa utumwani, kutoka Zanzibar. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia misheni, nayo ikahamia Newala. Panda saa 12 asubuhi na lita 2 za maji, kwani mwamba ukipata jua unachoma, na ukilowa mvua unateleza vibaya.

Tendaguru, mkoani Lindi, ni safari nyingine kabisa. Kilima chenyewe ni kidogo, na asiyejua habari zake ataona pori tu. Hapa, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria, wanyama wa kale waliokwisha kutoweka, kwa mamia ya vibarua wenyeji, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba kichwani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Mifupa ya mmoja wa wanyama hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, imeunganishwa na kusimamishwa katika makumbusho ya Berlin, Ujerumani. Kwa hiyo usitarajie kukuta mifupa yake hapa. Soma kwanza, ndipo uende.

Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba, kwa gari la kupanda milima. Masika njia za udongo hunasa magari. Ripoti kwanza serikali ya kijiji, uombe mwenyeji wa kukuongoza. Kipande cha mfupa ukikiona, kiache palepale: kikihamishwa, tabaka la mwamba kilimotoka halijulikani tena.