Vizibo vya masikio vya kupimiwa: cha kulia nakisifu, cha kushoto niliambiwa "utazoea"

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Nilikwenda kupimiwa vizibo vya masikio vya kuendeshea pikipiki, vile vya silikoni vinavyotengenezwa kwa umbo la sikio lako mwenyewe. Nilirudi na kizibo kimoja kizuri kuliko chochote nilichowahi kuvaa, kingine cha kutupa, na neno moja la fundi ambalo mpaka leo likinijia moyo unanipanda.

Kwanza mjue kilichonipeleka. Mimi naendesha safari ndefu, saa tatu nne kwa siku ni jambo la kawaida kwangu. Miaka yote hiyo niliamini kelele ya pikipiki ni injini na bomba la moshi. Siyo. Ukishapita kilomita 60 hivi kwa saa, anayetawala ndani ya helmeti ni upepo, na sehemu kubwa unapenyea chini, pale kwenye kidevu na shingo. Nikaanza kushuka kwenye pikipiki na mlio mwembamba masikioni. Mwanzoni ulikuwa unaondoka baada ya saa moja. Baadaye ukawa unalala na mimi. Kuna usiku niliamka, nikazima feni, nikachomoa friji, nikasimama katikati ya jiko gizani bila hata kuvuta pumzi. Bado naisikia ile sauti, iii, iii, haina mahali inapotoka. Siku ile ndiyo niliyoogopa.

Kwa hiyo sikwenda pale kwa anasa. Nilikuwa nimekusanya hela kwa muda, maana vitu hivi bei yake si ya mchezo.

Sikio la kulia fundi alilifanya kama mtu anayeijua kazi yake na kuipenda. Alimulika ndani kwa kitochi, akaingiza kipande kidogo cha sponji chenye uzi ili ule uji wa silikoni usije ukafika kwenye kiwambo cha sikio, akanipa kitu cha kuuma mdomo ukae wazi, ndipo akaumimina kwa bomba la sindano. Ule uji ni wa baridi, unajaza sikio polepole, na dunia ya upande ule inazimika. Tulikaa hivyo dakika kadhaa mpaka ukakaza. Akauvuta kwa kuuzungusha, ukatoka mzima, na kila kona ya sikio langu imechoreka juu yake.

Kisha simu yake ikalia.

Sikio la kushoto alilifanya simu ikiwa imebanwa begani. Sponji aliweka, hilo nalikiri. Kile cha kuuma hakunipa. Nilipomwonyesha kwa kidole mdomoni, akatikisa kichwa na kunionyesha kwa mkono nitulie. Nikatulia. Mdomo umefungwa, meno yameshikana, na yeye anacheka na mtu wa upande wa pili. Natamani ningesimama pale pale. Nilidhani yeye ndiye mjuzi.

Kwa nini mdomo una maana? Tia kidole cha mwisho sikioni mwako sasa hivi, kisha fungua na ufunge mdomo. Umesikia ukuta wa tundu unavyosogea? Taya liko jirani kabisa na tundu la sikio, na likicheza, tundu linabadilika umbo. Sasa mtu uvae helmeti inayokubana vizuri, kama inavyotakiwa, ile mito ya mashavuni inasukuma uso na taya kutoka mahali pake. Kizibo kilichochukuliwa umbo mdomo ukiwa umefungwa huwa kinakosa nyama kidogo pale ambapo tundu hupanuka. Na hapo pakiwa na mwanya, hata mwembamba kama uzi, kazi imeharibika.

Hili la mwanya ndilo ninalotaka lieleweke, kwa sababu hata mimi nilikuwa silijui. Kizibo kinachovuja hakikupi nusu ya kinga dhidi ya upepo. Kelele ya upepo sehemu yake kubwa ni ngurumo nzito, na mwanya mdogo huruhusu hizo ngurumo nzito kupita kwanza, kabla ya sauti nyembamba. Kwa hiyo ukikijaribu dukani, mtu akakupigia makofi au akaongea mbele yako, utaona kinafanya kazi. Barabarani unagundua umevaa pambo.

Ndivyo ilivyokuwa. Safari ya kwanza, dakika chache baada ya kuingia barabara ya kasi, upande wa kulia palikuwa kimya, kimya kabisa, hadi nikasikia mnyororo wangu ukicheza, kitu ambacho sikuwahi kukisikia nikiwa kwenye mwendo. Upande wa kushoto ni ngurumo, kama mtu anayetingisha bati karibu na kichwa. Nikasimama, nikavua helmeti, nikakisukuma kizibo ndani, nikavaa tena. Kitambaa cha ndani ya helmeti kikakikwaruza na kukiinua, maana kilikuwa kimechomoza nje ya sikio kidogo. Nikarudia mara nne. Mara ya tano nikaendelea hivyo hivyo, nikafika na kichwa kinachouma upande mmoja.

Nikarudi dukani. Kulikuwa na wateja wengine wawili, tena wamekaa karibu. Nikamweleza kwa upole, nikamkumbusha simu, nikamkumbusha kile cha kuuma. Hakukigusa kile kizibo. Aliniangalia kichwani akasema, "Labda ni nywele, dada yangu. Nyie wanawake nywele zinasumbua helmeti." Nikamwambia nywele hizi hizi ndizo ziko upande wa kulia. Akacheka na wale wateja, kisha akalitoa lile neno:

"Huo ni upepo tu, dada. Utazoea."

Utazoea.

Nimelibeba neno hilo wiki nyingi. Mtu ambaye kazi yake ni masikio anajuaje kusema hivyo? Sikio halizoei kelele. Sikio linachoka, na likichoka ndipo unapoanza kusema aah, leo upepo umepungua. Haujapungua. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vinavyoipokea sauti, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Zile zilizolemewa tu hupumzika zikarudi, ndiyo maana usikivu wako wa jioni baada ya safari huwa mzito na asubuhi unaona uko sawa. Siku moja asubuhi inafika na hauko sawa. Kuzoea anakosema yeye ndiko huko kunakoniamsha usiku nizime feni.

NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa wafanyakazi, inashauri kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila zikipanda desibeli 3 muda ule ukatwe nusu. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 91 ni saa 2. Endelea kukata hivyo, ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Na ndani ya helmeti, kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kukuta desibeli 95 hadi 100 ni kawaida kabisa, hata helmeti ikiwa ya gharama, kwa kuwa ganda lake huzuia vizuri sauti nyembamba na huachia zile nzito. Dakika 15 za safari yangu mimi hata mgongo haujakaa sawa kwenye kiti. Halafu naambiwa nitazoea.

Basi nilikuwa nimeshaamua niandike kwa neno moja: msivinunue. Nilikuwa nimeanza kuandika hivyo. Lakini siwezi, kwa sababu ya lile sikio la kulia.

Kizibo cha kulia nakivaa kila siku na sijawahi kujuta. Kinaingia kwa kuzungushwa mara moja, hakiumi hata baada ya saa tano, helmeti haikigusi. Honi nazisikia vizuri kuliko zamani, kwa sababu sikio halijalemewa na ile ngurumo. Jioni nikishuka, upande wa kulia wa kichwa changu umetulia kama mtu aliyekuwa amelala. Kitu kikiwa kizuri nitasema ni kizuri, hata kama aliyekitengeneza amenidharau.

Upande wa kushoto navaa kizibo cha sponji, vile vya kutumia na kutupa vinavyouzwa kwa pakiti. Na hapa nataka kusema jambo litakalowaudhi wanaouza vya kupimiwa: kile cha sponji, kikivaliwa sawasawa, kinakizidi mbali kile cha silikoni kilichokosewa. Shida ni kwamba wengi wetu hatukuwahi kuonyeshwa kukivaa. Nilikuwa nakibinya na kukisukuma tu, kikibaki nusu nje, kisha nalalamika hakifai. Inatakiwa ukisokote kwa vidole vikavu mpaka kiwe chembamba na kisiwe na mkunjo, upitishe mkono wa pili juu ya kichwa uvute ncha ya sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ukiingize, kisha ukishike na kidole kwa nusu dakika hivi kinapovimba. Hiyo nusu dakika ndiyo watu wanaiiba. Ukiongea mwenyewe na sauti yako ikasikika nzito, imetokea ndani ya kichwa, kimekaa.

Nimehangaika pia na kioo cha mbele cha pikipiki, kwa kuwa hasira ilinifanya nichunguze kila kitu. Kwa kichwa changu, ukingo wa kioo ulikuwa unaurusha upepo uliovurugika moja kwa moja kwenye kidevu. Niliposimama kidogo kwenye vikanyagio, kichwa kikaingia kwenye upepo ulionyooka, kelele ikapungua papo hapo. Nikakishusha kioo, nikafunga skafu shingoni kuziba pale chini ya helmeti. Imesaidia, ila haitoshi bila vizibo, na spika za kwenye helmeti zisikudanganye, maana ukiongeza sauti ya muziki ili uushinde upepo, umeongeza kelele juu ya kelele.

Kwa hiyo mkiniuliza kama nawashauri vya kupimiwa, nilikuwa nasema hapana na sasa nasema ndiyo, lakini mdomo uwe wazi masikio yote mawili, na fundi akishika simu, simama. Uende na helmeti yako, uvae pale pale vizibo vikiwa masikioni, kabla hujalipa salio. Mimi sikufanya hivyo.

Kile cha kushoto ninacho bado kwenye kijaluba chake. Kwa yule fundi sirudi. Natafuta mwingine, na nikimpata nitamwambia asiliguse la kulia.