Adui asiyepigika: umpe namba au usimpe?

Katika Mutants & Masterminds, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa wenye nguvu za ajabu, mashujaa kwa kawaida huanzia ngazi ya nguvu ya 10. Adui wa ngazi ya 15 mwenye namba kamili za uwezo wake hula muda wa maandalizi, lakini kete huamua kwa haki, na ushindi ukipatikana ni wa wachezaji kweli. Bahati ikiwa mbaya, kikosi kizima huanguka mapema.

Njia nyingine ni ngazi X: adui hana namba, ngumi hazimfikii, na kazi ya mashujaa ni kuokoa watu au kuzima mtambo wake. Maandalizi ni mepesi. Ila mwongozaji wa mchezo atoe dalili mapema, la sivyo wachezaji watahisi wameonewa, na watakuwa na haki.

Wapenda mapigano na hesabu, wape namba. Wapenda hadithi wenye jioni moja tu, X inawatosha.