Parador de Ronda: kulala ukingoni mwa korongo

Wageni wengi wa Ronda, mji mkongwe wa kusini mwa Hispania, hufika na basi la asubuhi kutoka Málaga, hupiga picha darajani, hula chakula cha mchana na kuondoka kabla jua halijatua. Mimi na mke wangu tulifanya hivyo safari ya kwanza. Safari hii tulilala siku mbili Parador de Ronda, na sasa naamini kwamba asiyelala hapo hajauona mji wenyewe.

Parador ni hoteli za serikali ya Hispania, ya kwanza ikiwa imefunguliwa mwaka 1928, na nyingi zimewekwa ndani ya majumba ya kale. Hii ya Ronda ilikuwa makao ya halmashauri ya mji. Imesimama pale hasa daraja la Puente Nuevo linapoanzia, juu ya korongo lililochimbwa na mto Guadalevín, ambao mwanzo wa jina lake ni neno la Kiarabu wadi, yaani bonde au mto. Daraja hilo, lenye kimo cha mita 98, lilikamilika mwaka 1793, baada ya lile la kabla yake kuporomoka mwaka 1741 na kuua watu. Juu ya tao la katikati kuna chumba kilichowahi kuwa gereza, na ukiwa hotelini unakiona kidirisha chake waziwazi.

Unapoagiza chumba, omba kile kinachoelekea korongoni. Vingine vinaelekea uwanja wa mji, na kwa bei ya hoteli hii, ambayo si ndogo, sioni sababu ya kulipia mandhari ya barabara. Alfajiri ya kwanza nilifungua dirisha nikasikia maji kabla sijayaona. Kisha wakatokea ndege weusi wenye midomo myekundu, ambao hutaga katika nyufa za jabali, wakiruka chini yetu, nami nikawa nawatazama mgongoni, jinsi mabawa yao yalivyong'aa jua lilipoyagusa. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa.

Kifungua kinywa ni kingi, lakini kilichonivutia ni kile cha watu wa Andalusia wenyewe: mkate uliochomwa, nyanya iliyosagwa, chumvi kidogo na mafuta ya zeituni. Nyama ya nguruwe imezoeleka mno katika vyakula vya huko, kwa hiyo Mwislamu asione haya kuuliza kila mara. Sisi tuliuliza na tulijibiwa kwa upole na bila haraka. Aulize pia kuhusu mchuzi maarufu wa mkia wa ng'ombe, ambao Ronda inausifia sana, kwa maana kwa desturi hupikwa kwa mvinyo.

Kuanzia alasiri, mabasi yakishaondoka, unavuka daraja na kuingia mji wa kale, ule uliokuwa wa Waislamu hadi mwaka 1485, na njia zake unakuta umeachiwa peke yako. Chini kabisa, karibu na kijito, kuna hamamu ya Kiarabu ambayo mwanga huingia kupitia matundu ya nyota yaliyotobolewa darini, ukadondoka sakafuni vipande vipande. Tulikaa humo karibu saa nzima, tukiwa na wageni wengine wawili tu. Kurudi ni kupanda mlima juu ya mawe yaliyolainishwa na nyayo, basi vaa viatu vyenye soli inayoshika, na uchukue sweta hata kama Málaga umeiacha na joto, kwa kuwa Ronda iko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una baridi. Tulipofika juu taa za daraja zilikuwa zimekwisha kuwashwa, na tuliliacha dirisha wazi tulale na sauti ya mto.