Uzoefu wangu: Union Version na Habari Njema kwa anayejisomea theolojia

Nianze na hukumu. Ukiwa na hela ya Biblia moja tu, nunua Union Version, toleo lenye marejeo. Ukipata hela ya ziada, ongeza Habari Njema kabla hujanunua kitabu chochote cha mafundisho. Nazitumia zote mbili kwa kujisomea na kwa kikundi cha usharika, na kila moja inafichua udhaifu wa mwenzake.

Union ilitoka mwaka 1952, ili wasomaji wa tafsiri ya Unguja na wa tafsiri ya Mombasa wapate maandiko ya pamoja. Kiswahili chake cha "enendeni" na "afanyaye" kinawachosha vijana, hilo silikatai. Lakini ina sifa moja adimu: mara nyingi hushikilia neno lile lile kutoka kitabu hadi kitabu. Fuata neno "kuhesabiwa". Mwanzo 15:6, imani ya Ibrahimu inahesabiwa kuwa haki. Warumi 4:3 inalirudia. Mstari wa 4 unasema ujira wa mfanyakazi hauhesabiwi kuwa neema bali deni. Unaona kabisa Paulo amefungua daftari la hesabu. Habari Njema katika 4:3 inasema Mungu alimkubali Abrahamu kuwa mwadilifu. Maana inaeleweka haraka, ila lile daftari limefungwa.

Hata hivyo, neno "haki" la Union linahitaji uangalizi. Msikilizaji aliyezoea haki za binadamu na haki za wafanyakazi husikia "kuhesabiwa haki" kama kupewa anachostahili, yaani kinyume kabisa cha hoja ya Paulo. Hapo "kukubaliwa kuwa waadilifu" kwa Habari Njema, Warumi 3:24, kunaokoa jahazi. Ndiyo sababu nasema mbili, si moja.

Neno linaloharibu mafundisho mengi zaidi ni "mwili". Kigiriki kina maneno mawili, "soma" (mwili wenyewe) na "sarx" (ambalo kwa Paulo mara nyingi ni tabia ya mtu iliyo chini ya dhambi), na Union mara nyingi huyaita yote mwili. Matokeo yake, 1 Wakorintho 6:19 mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, halafu Wagalatia 5:19 matendo ya mwili ni orodha ya dhambi. Msomaji anafunga hesabu kwamba mwili aliopewa na Mungu ndio adui. Msomeshe orodha yenyewe: uadui, wivu, fitina, faraka. Hizo si dhambi za nyama na mifupa. Habari Njema inaandika "matendo ya kidunia", ambayo nayo ina kasoro yake, maana mtu ataona tatizo liko mtaani na kwenye muziki wa baa, si ndani yake. Sisi tunaandika pembeni "S1" kwa soma na "S2" kwa sarx, kwa penseli, baada ya kuuliza mchungaji aliyesoma Kigiriki. Usimwombe akueleze sura nzima. Muulize swali moja tu: hili na lile ni neno moja kwa Kigiriki?

Swali hilo ndilo linalokukinga na mtego wa itifaki, yaani kitabu kinachoorodhesha mistari ambamo kila neno la Biblia linatokea. Itifaki hupanga Biblia kwa maneno ya Kiswahili, na wengi hujenga somo zima juu yake. Chukua "upatanisho" wa Warumi 3:25. Itifaki itakupeleka Warumi 5:11, penye upatanisho pia, lakini Kigiriki chake ni neno jingine. Ndugu halisi wa 3:25, neno lile lile la Kigiriki, yuko Waebrania 9:5, na Union inamwita "kiti cha rehema", kifuniko cha sanduku la agano cha Kutoka 25, kilichonyunyiziwa damu katika Walawi 16. Itifaki haiwezi kukuonyesha hilo. Bila kiunganishi hicho, unasoma damu katika Warumi 3 bila kuiona hema ya kukutania.

Kwenye simu, programu nyingi za Biblia hutafuta herufi, si maana. Andika shina: "hesabi" itakuletea kuhesabiwa, hauhesabiwi na ikahesabiwa kwa mpigo. "Sameh" italeta kusamehewa lakini itaukosa msamaha, kwa hiyo tafuta mara mbili. Ukihamia Habari Njema, kumbuka Musa anaitwa Mose na Ibrahimu anaitwa Abrahamu, la sivyo utadhani programu imeharibika.

Kwa kikundi, watu 6 hadi 8 na dakika 90 vinatosha. Chagua somo la Jumapili ijayo, lisizidi mistari kumi. Warumi 3:21–26 peke yake hula vipindi viwili. Msomaji mmoja asome Union mara mbili kwa sauti, mwingine asome Habari Njema, kisha wote waorodheshe tofauti kabla ya mtu yeyote kutoa maana. Kosa la kawaida ni kusoma kwa zamu, kila mtu na Biblia yake: dakika ya tano mnabishana tafsiri, dakika ya kumi mtu ameanza kuhubiri.

Mahali pamoja naifurahia sarufi yetu wenyewe. Yohana 1:1, "neno" lingetaka "lilikuwa", lakini tafsiri zote mbili zinasema "alikuwa". Kiambishi hicho kimoja kinatangaza kwamba Neno ni nafsi. Darasa la kipaimara huelewa hapo hapo, kabla hujataja Utatu.

Wakatoliki waombe Habari Njema yenye Deuterokanoni, kwani ya vitabu 66 haina Tobiti, Hekima wala Wamakabayo. Fungua yaliyomo dukani kabla ya kulipa, majalada hufanana.

Na kalamu ya wino iache nyumbani. Karatasi za Biblia ni nyembamba, na "S2" ya Wagalatia itatokea upande wa pili juu ya mstari usiohusika.