Traka ya nyota iliyoruka kila dakika kumi, na jibu la "jifunze kwanza kulenga ncha"

Nilingoja hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika nayo hivyo hivyo. Uzito wa traka hii, yaani kifaa cha kuzungushia kamera ili ifuate mwendo wa nyota, aina ya betri na mengine ya kwenye boksi kila mtu atayasoma mwenyewe. Mimi nina jambo moja: kifaa kilichouzwa kwa kazi ya kufuata nyota kilikuwa kinaziruka kila baada ya dakika kumi, na huduma kwa wateja wakanijibu kwa sentensi moja, "Jifunze kwanza kulenga ncha," yaani kuelekeza mhimili wa traka kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota huonekana kupazunguka.

Kulenga ncha! Nimewatumia picha arobaini zenye saa ya kila fremu. Nimewatumia mchoro. Nimewaeleza nyota zinavutika kuelekea wapi. Aliyejibu hakufungua hata faili moja, kwa sababu anayejua kazi hii akiona fremu tano tu za mwanzo hawezi kutamka neno ncha.

Dalili yenyewe ni hii. Unafunga lenzi ya milimita 135 na kupiga picha za dakika moja moja mfululizo. Sita zinatoka safi, nyota duara kamili. Ya saba imechanika kama mtu kaigonga stendi. Ya nane, ya tisa na ya kumi zimevutika kidogo kuelekea upande wa pili, kama kitu kinachorudi mahali pake taratibu. Kisha sita safi tena, na mchezo unaanza upya. Picha nne katika kila kumi ni za kutupa. Ukiongeza muda wa kufungua shata hadi dakika nne, karibu zote.

Tupime. Kamera yenye pikseli za mikromita 3.9 nyuma ya lenzi hiyo inaona karibu sekunde 6 za tao kwa kila pikseli (digrii moja ina sekunde 3,600 za tao). Hesabu ni nyepesi: zidisha 206 kwa ukubwa wa pikseli kwa mikromita, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Nyota zilikuwa zinaruka pikseli saba, yaani takriban sekunde 40 za tao. Nilipopiga picha za sekunde mbili mbili ili nilikamate ruko lenyewe, lilichukua kama sekunde kumi na mbili tu za saa.

Sasa tuje kwenye hiyo ncha waliyonitupia. Mhimili wa traka ukikosea ncha ya anga, nyota huteleza polepole kuelekea kaskazini au kusini, upande mmoja, bila kukoma. Kosa la digrii nzima, kosa kubwa kwelikweli, huitelezesha nyota si zaidi ya sekunde 16 za tao kwa dakika. Kosa la dakika 10 za tao (sehemu ya sita ya digrii), ambalo ndilo la kawaida kwa mtu aliyelenga kwa haraka, halifiki hata sekunde 3 za tao kwa dakika. Ili kosa la ncha lisogeze nyota sekunde 40 za tao ndani ya sekunde kumi na mbili, mhimili ungelazimika kuwa umepotoka digrii zaidi ya 12. Na hata hapo usogeo ungekuwa kwa sehemu kubwa wa kaskazini-kusini, usingerudi ulikotoka, na usingekuja kwa zamu kila dakika kumi. Wangu ulikuwa wa mashariki-magharibi mtupu. Upande huo mwenye kuendesha ni gia, si ncha.

Kwa nini dakika kumi? Ndani ya traka hii kuna gurudumu la meno 144, na linazungushwa na fito yenye mzingo kama wa skrubu, womu. Womu ikizunguka mara moja, gurudumu linasogea jino moja. Anga linakamilisha mzunguko kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, yaani sekunde 86,164. Gawanya kwa 144 upate sekunde 598. Ndiyo hiyo dakika kumi. Na hapa pana jambo ambalo fundi yeyote wa gia angelidaka palepale: uchafu ukiwa kwenye jino moja la gurudumu, utaukuta mara moja tu katika mzunguko mzima, karibu siku nzima. Ukirudi kila dakika kumi, uko kwenye womu. Kwa hiyo hata kabla ya kushika alenki, ufunguo wa skrubu, nilijua pa kutafuta. Wao, waliotengeneza, hawakujua au hawakutaka kujua.

Nikawafanyia jaribio la wimbi, lile ambalo kila mwenye traka anapaswa kulifanya wiki ya kwanza, dhamana ikiwa bado hai. Chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, wakati iko juu kabisa katika safari yake. Nyota ya pembeni ya mshipi wa kundi la nyota la Jabari (Orion), Mintaka, inafaa mno kwa kuwa inakaa karibu juu ya ikweta hiyo. Kisha upotoe mhimili makusudi, digrii nne au tano kuelekea mashariki au magharibi. Ndiyo, makusudi. Tumia lenzi ya milimita 300 ukiwa nayo, funga tundu la lenzi hadi f/11, weka ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100, na uache shata wazi dakika ishirini. Kosa la ncha ulilolitia litaivuta nyota kaskazini-kusini kwa mwendo ule ule, na kosa la gia litaitikisa mashariki-magharibi. Nyota inajichorea grafu yenyewe kwenye sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga. Gia nzuri huchora wimbi laini lenye mabonde mapana. Yangu ilichora wimbi lenye mwiba, mwiba ule ule mara mbili, katika umbali ule ule.

Nani akiona mwiba huo atasema ncha? Ncha nimeipotoa mwenyewe na nimesema hivyo kwenye barua! Jibu la pili lilikuja na kiungo cha video ya kuwafundisha wanaoanza namna ya kuitafuta Kutubu, nyota ya kaskazini.

Nikakifungua kifaa chenyewe. Sishauri kila mtu afanye hivyo, na nitasema mwishoni kilichofuata. Lakini kazi yenyewe si ngumu kwa mwenye mikono mitulivu. Toa kwanza betri. Kifuniko cha chini kina skrubu tatu za alenki ya milimita 2. Zipange kwenye karatasi kwa mpangilio wa mashimo yake, kwa sababu moja ni fupi, na ukiweka ndefu mahali pake itagusa gurudumu. Mota inatoka pamoja na gia zake ndogo. Kabla ya kulegeza kitalu kinachoshika womu, chora mstari kwa kalamu ya wino kuonyesha kilipokaa. Usipochora utakuja kukisia.

Grisi iliyokuwa ndani ilikuwa nyingi na nzito kama gundi. Niliitoa kwa mswaki na spiriti, nikizungusha womu kwa vidole. Kwenye bonde la mzingo, kichembe cha chuma kisichofika hata milimita moja, kimekandamizwa humo, kimeng'aa juu kwa kupitiwa na meno. Ni masalio ya kukatwa kwa gia kiwandani. Mtu hakuosha womu kabla ya kuipaka grisi. Hilo tu! Kilitoka kwa ncha ya kijiti cha meno.

Kusafisha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, inayowashinda wengi, ni kurudisha womu kwenye gurudumu kwa mkazo unaostahili. Ukikaza mno, mota inakwama kwenye baridi grisi inapoganda. Ukilegeza mno, unapata mchezo: traka inawashwa, inakaa sekunde ishirini au thelathini bila kuvuta kitu, halafu ndiyo inaanza. Sukuma kitalu mpaka mchezo uishe kabisa, kisha kirudishe kidogo mno, kiasi cha skrubu kugeuka sehemu ya nane ya mzunguko. Halafu zungusha gurudumu mzunguko mzima, jino kwa jino, ukisikiliza. Hakuna gurudumu la duara kamili. Patakuwa na mahali linabana. Mkazo upimwe hapo linapobana, si hapo linapolegea. Grisi mpya ya lithiamu, utando mwembamba tu. Na wakati wa kupiga picha, elemeza uzito kidogo upande wa mashariki ili meno yaegemee upande mmoja usiku kucha.

Nikarudia jaribio la wimbi. Mwiba haupo. Limebaki wimbi laini la sekunde 10 za tao kila upande, na kwa traka ndogo hilo ni jambo zuri sana. Kwa lenzi ya 135, dakika moja inateleza kwa pikseli moja pale wimbi linapokuwa kali zaidi, na haionekani. Dakika mbili ni pikseli mbili, unatupa chache. Kwa lenzi pana ya milimita 24, ambapo pikseli moja inabeba zaidi ya sekunde 30 za tao, hata lile ruko la mwanzo lisingeonekana sana, na nadhani ndiyo sababu wanaosifia kifaa hiki kwa picha za Njia Nyeupe hawajakutana nalo. Hawasemi uongo. Hawajaipima tu.

Na hapa lazima niwe mkweli, ingawa inaniuma: kwa mwezi, traka hii ni nzuri, na ilikuwa nzuri hata ikiwa na kichembe ndani. Darubini ndogo ya fokasi ya milimita 420 na kamera ya pikseli za mikromita 2.9 inaona sekunde 1.4 za tao kwa pikseli, kwa hiyo mwezi unakaa kwenye pikseli kama 1,300. Sensa ya 1936 kwa 1096 haiumezi wote kwa urefu, unapiga vipande viwili vinavyopishana na kuviunga. Mwezi wenyewe unasogea kati ya nyota karibu nusu sekunde ya tao kila sekunde. Video ya sekunde ishirini inateleza pikseli nane, na ukiiweka traka kwenye kasi ya mwezi haitelezi kabisa. Programu ya AutoStakkert inapanga fremu yenyewe bila kutoka jasho. Lenga fokasi kwenye mpaka wa nuru na kivuli, si kwenye ukingo mweupe. Shata isizidi milisekunde 10 ili mtikisiko wa hewa ugande, na histogramu, grafu ya mwangaza wa picha, isipite asilimia 75 pale mwezi unapong'aa zaidi. Fremu 2,000, ubakize asilimia 10 zilizo bora. Ukinoa picha kwenye programu ya RegiStax, simama mara tu utepe mweupe unapojitokeza kwenye ukingo. Kila kasoko ulilonoa baada ya hapo ni la kutengeneza. Kisha ongeza ukolezi wa rangi kwa hatua ndogo ndogo, mara tano au sita, na Bahari ya Utulivu, mojawapo ya tambarare za mwezini, inageuka samawati kwa sababu ya titani iliyomo kwenye mawe yake, jirani yake Bahari ya Ukimya ikibaki na wekundu wa kahawia. Nimeikodolea macho picha hiyo kwa furaha tele, na ilitoka kwenye kifaa hiki hiki ninachokilaumu.

Kwa hiyo kwenye kukipa kifaa alama nilikuwa nimefika nyota tatu kati ya tano. Hata nne, kwa gia jinsi ilivyo sasa.

Lakini nne za nani? Gia hii nimeitengeneza mimi. Anayenunua leo hanunui womu niliyoiosha, ananunua bahati nasibu ya kama aliyeiunganisha aliosha au hakuosha, na bahati ikimkataa ataambiwa hajui kulenga. Mwanzo atawaamini. Atakesha akilenga ncha upya usiku baada ya usiku, akidhani mikono yake ndiyo mibovu, na ataacha kupiga picha kabisa. Hilo ndilo linalonikera kuliko kichembe. Kichembe ni ajali ya kiwandani. Kumwambia mtu aliyeleta vipimo kwamba hajui ni dharau. Nashuka hadi nyota moja.

Barua ya mwisho niliyopata inasema kwa kuwa kifuniko kimefunguliwa, dhamana imekwisha. Kichembe ninacho, kimebandikwa kwenye kipande cha selotepu, nimekipiga picha kando ya rula. Nimewatumia picha hiyo pamoja na mawimbi mawili, la kabla na la baada, na swali moja: katika mawimbi haya, ncha iko wapi? Hawajajibu.